Wimbo Unapokataa Kuja: Handel na Mtunzi Aliyekwama

Washarika wengi hawalijui jina la George Frideric Handel, lakini wimbo wake wanaujua. Ikifika Pasaka, mpiga kinanda anagusa zile nota za kwanza, watu wanainuka kwenye mabenchi, na "Haleluya" inapanda mpaka kwenye mabati. Watoto wa shule ya Jumapili wanaijua. Mabibi wasiosoma nota wanaijua. Sisi wa kwaya tulifundishwa kwa sol-fa, sauti moja moja, na kila mwalimu aliyetufundisha alituongezea hadithi ya mtu aliyeitunga.

Hadithi huenda hivi. Handel alikuwa mzee, mgonjwa, amekata tamaa na amesahauliwa na watu. Akajifungia chumbani, hali wala halali. Roho akamshukia, na kwa siku 24 akaiandika oratorio nzima ya Messiah, yaani Masihi. Mtumishi wake alipoingia na chakula alimkuta anabubujikwa na machozi, akisema kwamba ameziona mbingu zimefunguka. Baadaye Mfalme wa Uingereza aliposikia Haleluya akasimama, na ndiyo maana sisi nasi tunasimama mpaka leo.

Ni hadithi tamu, na sisi wenyewe tumeisimulia katika semina za kwaya zaidi ya mara moja. Katika insha hii tunataka kuipima, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa yake haisimami mbele ya miswada na kumbukumbu za wakati ule. Pili, hadithi hiyo ilimuumiza ndugu yetu mmoja, na sisi ndio tuliomuumiza kwayo.

Kikao chetu

Mwalimu wetu wa kwaya alitutungia nyimbo kwa miaka mingi. Nyimbo zake za Kwaresima ziliimbwa hata na sharika za jirani ambazo hazikujua zimetoka kwa nani. Kisha ukapita mwaka mzima na zaidi bila wimbo mpya. Mashindano ya kwaya ya jimbo yalikuwa yanakaribia, nasi tulitaka kwenda na wimbo wetu wenyewe kama tulivyozoea. Kila tulipomuuliza alijibu, "Bado, wapendwa."

Tukaitisha kikao cha kamati. Hakuna aliyemtukana mwalimu. Tulizungumza kwa heshima, tukaanza kwa sala na kumaliza kwa sala. Lakini mmoja wetu alisimulia habari za Handel na siku zake 24, akauliza kwa nini Mungu aliyempa yule asitupe sisi. Mwingine akafungua Luka 1 akatukumbusha jinsi kuhani Zakaria alivyofungwa kinywa kwa sababu ya kutokuamini. Tukamshauri mwalimu afunge siku tatu, ajichunguze, na kama kuna jambo linalomzuia, alitubu. Akatushukuru, akafunga daftari lake.

Jumapili ile hakuja mazoezini. Iliyofuata pia hakuja. Baadaye mkewe alitueleza kwamba mwalimu alifunga kweli, tena zaidi ya siku tatu. Alikuwa akiamka usiku wa manane, anakaa mezani mbele ya karatasi tupu mpaka jogoo wawike, akingoja mbingu zifunguke. Zilipokosa kufunguka, alijihukumu kwamba Mungu amemwacha.

Ndipo tulipoanza kusoma habari za Handel kwa makini, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kumtumia kama fimbo.

Siku 24

Tuanze na yaliyo kweli. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Maisha yake mengi aliyaishi London, akitunga na kusimamia opera za Kiitaliano, kazi iliyomletea sifa na hasara kwa zamu. Mwaka 1737 mkono wake wa kulia ulipooza. Alikwenda kwenye chemchemi za maji moto za Aachen kutibiwa, akapona, akarudi kazini. Mwanzoni mwa 1741 opera yake Deidamia ilionyeshwa mara tatu tu, na hakutunga opera nyingine tena. Ni kweli pia kwamba aliianza Masihi tarehe 22 Agosti 1741 na kuimaliza tarehe 14 Septemba. Tarehe hizo aliziandika mwenyewe katika mswada, ambao umehifadhiwa London katika Maktaba ya Uingereza. Mwishoni aliandika herufi tatu, SDG, kifupi cha maneno ya Kilatini yanayompa Mungu peke yake utukufu.

Mpaka hapo hadithi na historia zinakwenda pamoja. Zinaachana katika yale ambayo hadithi huyanyamazia.

Yale maneno ya mtumishi na mbingu zilizofunguka yaliandikwa miaka mingi baada ya Handel kufa. Habari ya mfalme kusimama iliandikwa kwa mara ya kwanza karibu miaka 40 baada ya onyesho lenyewe, na magazeti ya siku zile, yaliyopenda kuandika kila mahali mfalme alipokwenda, hayasemi kwamba alikuwepo. Hatusemi kwamba watu waache kusimama. Kusimama ni desturi njema na Bwana anastahili. Tunasema tu kwamba tusimame kwa ajili ya Bwana, bila kuegemea habari isiyo na shahidi.

Na zile siku 24? Kwa Handel hazikuwa ajabu. Alikuwa na desturi ya kutunga kwa kasi mwishoni mwa kiangazi, ili kazi iwe tayari kabla ya msimu wa maonyesho. Alipoimaliza Masihi hakulala wiki nzima kama mtu aliyetoka kwenye maono. Muda si mrefu aliianza oratorio nyingine, Samson, na kufikia mwisho wa Oktoba alikuwa na rasimu yake yote. Hiyo ilikuwa kasi ya mtu aliyeshika kalamu tangu utoto na aliyeijua kazi yake kama fundi seremala anavyojua randa.

Tena hakuanza na karatasi tupu, na hapa ndipo tulipomkosea zaidi mwalimu wetu. Maneno ya Masihi hakuyatafuta Handel. Aliyekusanya maandiko yote, kutoka kwa manabii, Zaburi, Injili, nyaraka na Ufunuo, ni rafiki yake Charles Jennens. Alimkabidhi maneno yakiwa yamepangwa katika sehemu tatu, kuanzia unabii hadi ufufuo wa wafu. Handel alipoketi, nusu ya kazi ilikuwa mezani, imefanywa na mkono wa mtu mwingine.

Hata nota hazikuwa zote mpya. Mwanzoni mwa Julai 1741, wiki chache kabla ya Masihi, Handel alitunga nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili, za kidunia kabisa, mmojawapo ukimlalamikia mungu wa mapenzi na hila zake. Mwezi wa Agosti alizirudia. Kutoka katika nyimbo mbili kati ya hizo alipata nyimbo nne za kwaya nzima katika Masihi, ukiwamo ule wa Isaya 9 juu ya mtoto aliyezaliwa kwa ajili yetu, na ule wa Isaya 53 juu yetu sisi tuliopotea kama kondoo.

Tulipolisoma hili mara ya kwanza, baadhi yetu walikwazika. Wimbo wa Krismasi umetoka kwenye wimbo wa mapenzi? Lakini tukausikiliza tena huku tukijua, na kusikia kwetu kukabadilika.

Mshono unaoonekana

Kwanza tukasikia kasoro. Wimbo ule wa Kiitaliano huanza kwa neno la kukataa, "No", nalo linastahili kukaziwa. Nota ileile ilipopewa maneno ya Kiingereza ya Isaya, mkazo uliangukia neno dogo la kuunganisha, ambalo mtu akisema kwa kawaida hulipita bila kulikazia. Huo ni mshono, na unaonekana. Sisi tunaoimba tenzi za Wajerumani na Waingereza kwa Kiswahili tunaijua hali hiyo: Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, nota inataka kukazia nyingine, na tunajikuta tunaimba neno kwa namna ambayo hakuna mama aliyewahi kulitamka hivyo. Kumbe hata mtunzi wa Haleluya aliacha mshono wazi, na Mungu ametukuzwa kwa wimbo huo kwa zaidi ya miaka 280.

Kisha tukasikia uzuri. Chukua ule wimbo wa kondoo waliopotea. Kwa sehemu yake kubwa ni mchangamfu mno, karibu wa kuchekesha. Sauti zinatawanyika, moja inakimbilia huku, nyingine inageuka kule, zinazunguka bila kufika popote. Msikilizaji hujiuliza kwa nini dhambi inaimbwa kwa furaha namna hii. Uchangamfu huo ndio uliotoka kwenye wimbo wa mapenzi. Lakini mwishoni, bila onyo, mwendo unazimwa. Sauti zote nne zinakutana, zinakwenda polepole, sauti inageuka kuwa ya huzuni, na ndipo tunapoambiwa kwamba maovu yetu sisi sote yamewekwa juu yake Yeye. Mwisho huo haukuwamo katika wimbo wa zamani. Handel aliutunga upya.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye ufundi wa Masihi yote, na penye mahubiri yake. Vya zamani vilimpa kutangatanga kwa kondoo. Kilichotungwa upya ni msalaba. Laiti angeandika wimbo wa majonzi kutoka mwanzo hadi mwisho, tusingejitambua. Dhambi huwa haituhuzunishi tunapoifanya. Tunaifanya tukicheka, na uzito wake tunauona tunapogeuka na kutazama nani ameubeba.

Vivyo hivyo katika wimbo wa Isaya 9. Zile sauti nyepesi zinazopokezana habari za mtoto zilitoka kwenye wimbo wa zamani. Majina ya mtoto, yanapotangazwa na kwaya yote kwa pamoja huku fidla zikikimbia juu yake, ni mapya. Mtunzi alichukua alichokuwa nacho, akakaa nacho mpaka akafika mahali ambapo alichokuwa nacho hakikutosha, na hapo akaandika jambo jipya. Jipya lilimjia akiwa njiani, hakuliketia kulingoja mlangoni.

Tuseme pia kwamba si kila aliyekuwa karibu na kazi hiyo aliridhika. Jennens mwenyewe, aliyetoa maneno, alilalamika kwamba Handel aliharakisha na kwamba baadhi ya sehemu, hasa utangulizi wa ala, hazikufikia alichotarajia. London ilipoisikia mwaka 1743 iliipokea kwa ubaridi, na kulikuwa na malumbano kama ni halali maneno ya Biblia kuimbwa katika jumba la michezo. Lakini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, watu wapatao 700 walibanana ukumbini, na wanawake walikuwa wameombwa wasivae magauni yenye matandazi mapana ili nafasi itoshe. Fedha za siku ile ziligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakalipiwa na kuachiwa huru. Mtu akituuliza Roho alikuwa wapi katika Masihi, tutaonyesha mlango wa gereza uliofunguliwa kabla ya kuonyesha chumba cha mtunzi.

Ukurasa wa Yeftha

Iko kazi nyingine ya Handel ambayo kwaya zetu haziimbi, na inapaswa kujulikana kwa kila mtumishi aliyewahi kukwama. Ni oratorio yake kubwa ya mwisho, Jephtha, juu ya yule mwamuzi wa Israeli katika Waamuzi 11. Yeftha aliweka nadhiri kwamba akishinda vita atamtoa sadaka yeyote atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki, na aliyetoka ni binti yake wa pekee, akicheza na matari.

Handel aliianza tarehe 21 Januari 1751, akiwa na miaka 65. Sehemu ya pili inamalizikia kwa wimbo wa kwaya nzima, baada ya Yeftha kuona kwamba hana njia ya kutoka. Kwaya inakiri kwamba hukumu za Mungu zimefichwa gizani, mbali na macho ya wanadamu, na kwamba furaha yetu hugeuka kuwa majonzi kama usiku unavyoufuata mchana. Katikati ya wimbo huo, tarehe 13 Februari, kalamu ya Handel ilisimama. Pembeni mwa ukurasa aliandika kwa Kijerumani, lugha ya mama yake, kwamba amefika hapa na amezuiwa kuendelea kwa sababu ya kulegea kwa jicho lake la kushoto.

Alikuwa anaandika juu ya giza, na giza likamwingia jichoni. Mhubiri angeweza kulijengea jambo hili mahubiri makubwa. Handel hakulijengea chochote. Aliandika tarehe na sababu, akaweka kalamu chini.

Siku kumi baadaye, tarehe 23 Februari, siku aliyotimiza miaka 66, aliandika tena kwamba hali ni afadhali kidogo, kazi imeanza. Akaendelea na wimbo uleule, pale pale alipouacha. Aliimaliza sehemu ya pili kwa taabu, mwandiko wake ukiwa umeharibika, kisha akasimama tena kwa muda mrefu. Jephtha ilikamilika tarehe 30 Agosti. Masihi ilimchukua siku 24. Hii ilimchukua zaidi ya miezi saba. Alipopungukiwa alikopa tena, safari hii kutoka katika misa za Franz Johann Habermann, mtunzi wa Bohemia. Baada ya hapo macho yalizidi kufifia, na kufikia 1753 alikuwa kipofu. Hakutunga tena kazi kubwa mpya, lakini aliendelea kupiga kinanda katika maonyesho yake, akitumia kumbukumbu na vidole. Alihudhuria Masihi wiki moja kabla ya kufa kwake, Aprili 1759.

Tukiipima Jephtha kama kazi, tunaona udhaifu katika sehemu ya tatu. Malaika anakuja na kutangaza kwamba binti hatachinjwa, bali atawekwa wakfu kwa Mungu maisha yake yote, na kila mtu anapewa wimbo wa kufurahi. Maneno, aliyoyaandika mchungaji Thomas Morell, yanafunga jeraha haraka mno, na muziki unalegea pamoja nayo. Lakini ule wimbo wa mwisho wa sehemu ya pili hauna mfano. Mstari wake wa mwisho unamtaka binadamu ayakubali mambo kama yalivyo. Mtunzi mwingine angeuimba kwa upole, kama faraja. Handel anaurudia na kuurudia kwa vipande vifupi vizito, huku ameweka ukimya katikati, kana kwamba kila mara anauliza kama kweli aliyetamka amemaanisha.

Tulipousikia tuliwaza juu ya misiba yetu, jinsi tunavyowahi kusema "kazi ya Mungu haina makosa" kabla hata mfiwa hajakaa chini. Maneno hayo ni kweli. Lakini upo ukweli ambao hauna budi kusemwa taratibu, kwa kunyamaza katikati, na mtu anayeujua uchungu wa jambo lenyewe. Wimbo ule ungeandikwa wote kwa siku moja na mtu mwenye macho mazima, sidhani kama sisi tungeuamini.

Tuliposoma Maandiko upya

Baada ya hayo tulirudi kwenye Luka 1, sura ambayo tulimsomea mwalimu wetu. Ni kweli Zakaria alifungwa kinywa kwa kutokuamini, na hatuwezi kuifuta aya hiyo. Lakini tulisoma aya moja tukaacha nyingine. Maandiko hayasemi kwamba kila aliye kimya ameadhibiwa. Na hata huyu aliyeadhibiwa, Luka anatuambia kwamba alibaki hekaluni, bubu, mpaka siku za zamu yake zilipotimia, ndipo akaenda nyumbani. Hakufukuzwa katika huduma, na hakuna mahali tunaposoma kwamba makuhani wenzake walimwitia kikao. Mwishowe wimbo wake ulikuja baada ya jambo dogo: aliomba kibao, akaandika jina ambalo alikwisha kupewa. Hakutakiwa kubuni. Aliandika neno moja la kutii, ulimi ukafunguka, na wimbo ukafuata.

Tukasoma pia Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikikata kitabu cha nabii kwa kisu, akakitupa katika moto wa makaa mpaka kikateketea. Kazi ya miaka mingi ikawa majivu. Yeremia alifanya nini? Alichukua gombo jingine, akampa Baruku, akaanza kumtajia yaleyale yaliyokuwa katika lile la kwanza. Na aya ya mwisho inasema kwamba maneno mengine mengi ya namna hiyo yaliongezwa. Yaliongezwa wakati wa kurudia. Nabii alianza na ya zamani, tena kwa mkono wa mwenzake, na mapya yakaja humo ndani.

Na Bezaleli, ambaye Kutoka 35 inamtaja kuwa amejazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya ufundi wa hema, alipewa Oholiabu wa kufanya naye kazi, na wote wawili wakatiwa moyo wa kufundisha wengine. Roho yule alikuja pamoja na wenzake, vifaa vilivyochangwa na watu, na vipimo vilivyokwisha kutolewa. Sisi tulimpa mwalimu wetu hadithi ya chumba kilichofungwa, tukamwacha humo peke yake.

Tulivyorudi kwa mwalimu

Tulikwenda nyumbani kwake watatu, jioni, bila ajenda. Tulimwomba msamaha. Hakusema mengi, alituagizia chai. Tukamsimulia yale tuliyoyasoma: Jennens na maneno yake, nyimbo za Kiitaliano za Julai, halafu ukurasa wa Yeftha. Hapo akaweka kikombe chini akauliza, "Aliandika kwamba ameshindwa? Pale pale kwenye nota?" Tukasema ndiyo, na tarehe. Akauliza, "Na baada ya siku kumi akaendelea palepale?" Tukasema ndiyo. Akanyamaza kwa muda mrefu.

Hatukumwomba wimbo. Tulimwambia kwamba kwaya itakwenda kwenye mashindano na wimbo wa mtunzi mwingine, naye tunamkaribisha mazoezini kama mwimbaji, akae na sauti ya nne, asishike chochote. Alikuja baada ya wiki mbili. Aliimba besi mwezi mzima, na wakati huo tukajua jambo ambalo hatukuwahi kumuuliza: alikuwa akimuuguza mama yake tangu mwaka uliotangulia, usiku kwa zamu na mkewe. Kamati nzima ilijua mama anaumwa. Hakuna aliyekuwa ameliunganisha hilo na wimbo.

Kisha mmoja wetu alikusanya aya tano za Zaburi, akazipanga, akampa, akisema ni za kusoma tu. Mwalimu alizikaa nazo. Alitoa daftari la zamani, akapata humo wimbo wa harusi alioutunga ujanani na ambao hakuwahi kuutumia, akaanza kujaribu maneno ya Zaburi juu ya nota zake. Mahali pengine mkazo ulikaa vibaya, akabadili nota. Mahali pengine alibadili neno. Alipofika aya ya nne, wimbo wa harusi ukaisha, na aya ya nne haikuwa na nota za kukopa.

Kwenye mashindano hatukupata nafasi yoyote ya kujivunia. Wimbo wa Zaburi haujakamilika mpaka tunapoandika insha hii; una aya tatu na nusu, na tumekwisha kuuimba hivyo hivyo ibadani, tukiishia pale ulipoishia. Washarika wengine walishangaa. Mzee mmoja alitufuata nje akasema kwamba ameupenda kwa sababu na yeye ana mambo ambayo hayajaisha.

Ndugu msomaji, huenda katika usharika wenu yuko mtu wa namna hii: mtunzi, mchoraji wa kuta za kanisa, mwandishi wa maigizo ya vijana, mhubiri ambaye mahubiri yamemkaukia. Kabla hamjamwambia afunge, mwulizeni nani anaumwa nyumbani. Kabla hamjamwambia angoje maono, mpeni maneno ya kuanzia na mtu wa kukaa naye. Mkimwombea, ombeni pamoja naye akiwepo, msimwombee kama mgonjwa aliye chumba kingine. Na mkisimama Pasaka kuimba Haleluya, kumbukeni kwamba aliyeitunga alikuwa na rafiki aliyempa maneno, na nyimbo za zamani za kurekebisha. Siku zilikuja pia ambazo hakuweza kuandika hata nota moja.

Daftari la mwalimu tumeliona juzi. Chini ya aya ya nne, kwa penseli, ameandika tarehe na maneno machache: ameishia hapa, mama amezidiwa. Chini yake ameacha mistari mitupu.